Robo Iliyo Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mashine ya gemu imeganda tena! Fakihi ana mpira, kipa keshalala, goli liko wazi, na picha ikasimama. Sekunde tatu nzima. Nimezihesabu kwa sababu Fakihi hakuwa anaangalia tivii, alikuwa ananiangalia mie. Ni mwenye bucha ya pale kona, na macho yake yamezoea kupima nyama. Picha ilipozinduka mpira uko kwa kipa. Akaweka pedi ya kuchezea chini taratibu, akasema mashine yangu ina kwikwi. Halafu akaongeza kuwa ya Jawad haina.

Jawad! Ana duka la vyombo ng'ambo ya barabara, duka la tangu babu yake, si angetulia auze masufuria? Mwezi wa nne kaweka tivii kubwa katikati ya ndoo na mabeseni, kaweka na mashine ya gemu kama yangu. Kama yangu kabisa, hata rangi. Sasa Manzese nzima inatulinganisha.

Na Jumamosi ndiyo bonanza la mtaa. Watu kumi na sita, gemu ya mpira, mshindi anaondoka na mbuzi. Fakihi ndiye mwandaaji na mbuzi ni wake. Kasema lifanyike kwangu kwa kuwa mie ndiye niliyetangulia kufungua. Tangu aniambie nahesabu kila sekunde inayoganda.

Maana Editha kaweka sharti. Editha ni mke wangu na fremu hii ya biashara ni yake, kaachiwa na marehemu mama yake. Kanivumilia nikafungua kinyozi humu, nikafungua juisi ya miwa. Hii ya gemu, kasema, ndiyo ya mwisho. Bonanza likiisha salama, fremu naendelea nayo, na kibao cha mbele kitaandikwa jina langu. Likiharibika, fremu anaichukua na mie narudi kupiga msasa vinyago vya Cyprian.

Cyprian ni shemeji yangu, mdogo wake Editha. Baba yao alitufundisha kuchonga siku moja, kwenye banda moja, kule Newala. Vinyago vya Cyprian vinasimama. Vyangu vinalala. Yeye huachaga kitako chini, mti wa upana wa vidole vinne usioguswa. Mie naona ni uharibifu. Gogo ni langu lote, kwa nini nichonge nusu? Twiga wangu wa mwisho anazuia mlango wa jikoni, kwa ubavu. Lakini msasa sirudi. Mtu mzima wa miaka arobaini na tatu unapuliza unga wa mpingo kwenye masikio ya tembo wa shemeji yako! Naona aibu hata kuandika.

Nikaibeba mashine hadi kwa Nurdin, fundi simu wa jirani na kituo cha mabasi ya mwendokasi. Akaifungua, akapiga chafya. Akasema haina ugonjwa, ila feni imejaa vumbi, na joto likizidi inapunguza mwendo. Niipulize, niiachie nafasi ipumue. Vumbi! Nilitegemea jibu la kitaalamu. Nikambana. Ndipo akanieleza, na nimetoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Kasema ndani mna vichwa vinane vya kufikiria. Gemu haipewi vyote. Inapewa sita, ikibahatika saba. Vilivyobaki ni vya mfumo. Na kumbukumbu ya kufanyia kazi nayo imegawanywa, kipande kikubwa cha gemu, kipande cha mfumo. Nikauliza huo mfumo ni nani. Kasema ndio unaoiongoza mashine. Unatambua pedi, unaleta menyu ukibonyeza kitufe cha kati, unapokea ujumbe, unarekodi mchezo. Gemu ikikwama, mfumo ndio unaokutoa.

Kwa hiyo mie nimenunua nyumba nzima, kumbe vyumba viwili anakaa mtu nisiyemjua.

Ni kama hii fremu tu. Robo ya nyuma Editha kaitenga kwa pazia la maua. Mna cherehani yake, ndoo, ekstensheni ya umeme, madaftari. Fremu ni hatua nane kwenda nyuma, mbili ni zake. Anashinda kule siku nzima na sijui anafanya nini.


Jumanne, 4 Juni

Nimeamka na akili. Nitaondoa makorokoro yote, gemu ipate pa kutanua miguu. Tangu saa mbili asubuhi nafuta. Picha, video, gemu ya magari, kila chenye jina nisilolijua. Kila mara mashine inaniuliza kama nina uhakika. Nina uhakika. Nimefuta mpaka kidole gumba kikauma.

Nikawasha. Ikaganda palepale, tena sekunde nne.

Nikarudi kwa Nurdin. Kasema nimefuta stoo, wakati nilichokuwa nataka ni meza. Stoo ni pa kuwekea, meza ni pa kufanyia kazi. Ukitoa magunia stoo, meza haiongezeki urefu. Nikamwambia kwangu stoo na meza viko chumba kimoja. Akavua miwani akaifuta muda mrefu. Akauliza kama vumbi nimepuliza. Nikamwambia tusitoke kwenye mada.

Alasiri Editha kachungulia kwenye pazia, kauliza kama nimegusa msimu wa Fakihi. Msimu gani? Kumbe miezi miwili yote Fakihi anaendesha timu yake humo ndani. Kasajili wachezaji, kapanda daraja, kabakiza mechi tatu achukue ubingwa. Nikaulizia inaitwaje. Editha kafungua daftari lake akanisomea: FAKIHI BUCHA 1.

Nalikumbuka jina hilo. Nilidhani ni tangazo.


Jumatano, 5 Juni

Fakihi kaja saa nne na nilikuwa nimejiandaa. Nikamweleza kuwa kamati imefuta misimu yote ili washiriki waingie kwenye bonanza wakiwa sawa. Akauliza kamati gani, maana kamati ni yeye. Nikasema kamati ya ufundi. Akauliza wajumbe wake. Nilikuwa na jina la kwanza tayari mdomoni, Editha akatoka nyuma ya pazia na kikombe cha chai. Akamwambia Fakihi ukweli kwa sentensi moja, akamwomba radhi, akamwandika wa kwanza kwenye zamu hadi Ijumaa. Fakihi akanywa chai. Akasema mbuzi ataletwa Ijumaa, ila mbuzi ana miguu minne, kuvuka barabara hakumshindi.

Nimekerwa. Nilikuwa karibu kushinda.

Mchana nimejaribu njia nyingine. Nimeuzimia mfumo kila kitu. Usirekodi, usipokee ujumbe, usipakue, usiongee. Ukikosa kazi si utaachia vile vichwa? Nurdin kasema, wapi! Fungu la mfumo limetengwa toka kiwandani, ufanye kazi usifanye. Katoa mfano wa meza kuu harusini. Mgeni rasmi hajafika, watu wamesimama mpaka mlangoni, na bado kiti chake hakikaliwi. Nikamuuliza asipokuja kabisa? Hakikaliwi. Nikamuuliza harusi ikiisha? Akasema harusi ikiisha kila mtu anakwenda kwake. Sasa hapo ndipo sielewi. Kiti kitupu kinamsaidia nani? Nurdin kasema siku mgeni rasmi akija ndipo utakapojua. Halafu vumbi tena. Huyu mtu ana ugonjwa wa vumbi.

Nimerudi nikamtazama Editha kwa jicho jipya. Kakaa nyuma ya pazia, kachomeka pedi nne kwenye ekstensheni, anashona suruali ya sare ya mtu, huku anawaambia vijana zamu ya nani. Wawili walitaka kukunjana, akataja jina la mama wa mmoja wao, wakakaa. Hatua mbili kamili za fremu, na hakuna kazi yoyote ya gemu inayofanyika kule. Mabenchi mawili yangeenea.

Jumamosi nataka fremu nzima na mashine nzima. Nikipata vyote viwili, Jawad atarudi kwenye masufuria.


Alhamisi, 6 Juni

Siku ya ushindi. Ushindi mara mbili!

Wa kwanza. Mama mdogo wa Editha, Bi Clara wa Chamazi, ana kitchen party ya kumfunda binti yake Jumamosi. Editha alishasema haendi kwa ajili ya bonanza. Nimemwambia aende. Nimemwambia damu ni damu, gemu itabaki. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nampenda na anahitaji kupumzika, na la kumpenda ni kweli. Akauliza nani atashika zamu. Mie. Nani atachaji pedi? Mie. Watu wakigombana? Mie. Akakubali lakini hakuwa na furaha. Kakaa saa nzima anaandika karatasi ya maelekezo, mstari kwa mstari, kwa ule mwandiko wake wa shule ya masista. Nimeipokea kwa heshima. Meza ya tivii ilikuwa inacheza mguu mmoja, nikaikunja mara nne nikaipachika pale. Imetulia sana.

Wa pili. Kuna kijana Tandika anaitwa Nassibu, wanasema anaujua mfumo mpaka mizizi. Nimempelekea mashine. Chumba chake kimejaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Nikamwambia nataka mfumo utoke, gemu ikae peke yake, na vichwa vyote vinane viifanyie gemu kazi. Akanitazama. Akauliza nataka nibakize nini. Nikasema gemu. Akauliza tena, gemu na nini? Nikamwambia, kijana, mie nimekuja na kitu kimoja kichwani. Akacheka, akasema niifuate kesho.

Kwa mara ya kwanza nimekutana na mtu asiyenitajia vumbi.


Ijumaa, 7 Juni

Nimeiona. Nassibu aliiunganisha kwenye kitivii chake, ikawaka ikaingia moja kwa moja uwanjani. Hamna menyu, hamna maswali. Timu mbili zikaanza kucheza zenyewe, na zilikuwa zinateleza kama mafuta. Haikukwama hata mara moja. Majani ya uwanja unayahesabu! Macho yalinijaa machozi na sikuyaficha. Nassibu kasema katoa kila kisicho gemu, na nikitaka chochote kirudi nimwambie. Nikamwambia sitaki kitu.

Nilitaka kuijaribu kwangu lakini umeme umekatika tangu saa nane. Si neno. Kwa macho yangu nimeiona.

Editha kaondoka saa tisa, kavaa kitenge cha sare ya shughuli, kapendeza. Kaniambia nisome karatasi. Nikamwambia nimeshaiweka mahali pake. Alipopotea tu nikashusha pazia. Cherehani nimeihamishia nyumbani, nikaifuatisha ekstensheni, ndoo, madaftari, na hotipoti moja iliyokuwa imefunikwa kwa khanga, sijui ya nini. Nimeingiza mabenchi mawili. Fremu imekuwa ukumbi! Nimesimama katikati nikanyoosha mikono na sikugusa kitu.

Mbuzi kaletwa saa kumi na moja. Beberu mweupe mwenye baka jeusi jichoni. Nimemfunga ndani, kwenye mguu wa benchi, ili watu waione zawadi. Ratiba ya mechi nimeibandika ukutani, karatasi kubwa ya manila, rangi tatu.

Jawad kasimama mlangoni kwake anaangalia. Nimempungia mkono kama mtu anayempungia abiria wa basi.


Jumamosi, 8 Juni

Saa tatu asubuhi. Umeme umerudi, Mungu mkubwa. Watu wanaanza kuingia. Mashine imewaka, uwanja unang'aa. Taa za pedi haziwaki. Nadhani hiyo ndiyo namna nguvu inavyookolewa, zote zinakwenda kwenye gemu.

Saa nne. Fremu imejaa mpaka nje. Kasoro ndogo: watu wanataka kuchagua timu na hapachaguliki, mashine imeshachagua nyekundu na nyeupe. Nimetangaza kuwa kamati ya ufundi imepanga timu kuepusha upendeleo. Wamekubali. Kasoro nyingine: mbuzi kala ratiba, robo fainali yote na upande mmoja wa nusu fainali. Naandika hii nikiwa nimesimama.

Saa nne na nusu. Mechi ya kwanza, Fakihi na Ismail kinyozi. Inateleza ajabu. Watu wanashangilia mpaka kuta zinatikisika. Fakihi kasema mbele ya wote kuwa leo wachezaji wanamsikia, hajawahi kuona pedi laini hivi. Ismail analalamika kuwa wake wakaidi, anawatuma kulia wanakwenda kushoto. Watu wamemwambia ndivyo alivyo siku zote. Fakihi mbili, Ismail moja. Nje nimemwona Jawad kanyanyua shingo. Nimempungia tena.

Ninayoandika sasa nayaandika nyumbani, jioni.

Kipindi cha pili simu ya Fakihi iliita. Mteja wa ng'ombe wa Idd. Akaiweka pedi kwenye benchi, akasimama, akageukia ukuta, akaanza kueleza habari za uzito. Watu wakapiga kelele kuwa arudi, mpira uko kwake. Hakurudi. Mshambuliaji wake akampita mmoja, akampita wa pili, akamlaza kipa, akafunga. Tatu kwa moja.

Watu hamsini wakaitazama pedi kwenye benchi. Mbuzi peke yake ndiye aliyekuwa anatafuna. Fakihi akakata simu, akatazama tivii, akatazama mikono yake yote miwili.

"Marselino," akasema, "nani kafunga?"

Nikamwambia kuwa mashine ikipewa nguvu zote inakuwa na ari. Ismail akatupa pedi yake juu ya meza, na timu yake ikafunga la pili bila yeye. Hapo kila mtu akaelewa isipokuwa mie. Nilibonyeza kitufe cha kati. Hakuna. Nilibonyeza vyote. Nikabadilisha pedi, nikakumbuka sijazichaji, nikaomba chaji, hakuna aliyejua ekstensheni iko wapi, na mie niliyeihamisha nilikuwa nimesahau. Timu nyekundu na timu nyeupe ziliendelea kucheza, kwa raha zao, hazina habari na binadamu. Mechi ikaisha ikaanza nyingine. Watu wakaanza kubishana nani aliyetangulia, na ratiba iko tumboni mwa mbuzi. Mmoja akasukuma, mwingine akasukuma. Nikapaza sauti kuwa zamu nashika mie. Wakaniuliza ya nani. Nikamtazama mbuzi.

Nikachomoa waya. Nilipochomeka tena haikuwaka. Ikatoa mlio mmoja mdogo, basi.

Fakihi akamfungua mbuzi. Hakunitukana, angenitukana ningesikia afadhali. Akavuka naye barabara na watu nyuma yake, wanafuata kamba kama msafara wa bwana harusi. Fremu ikabaki na mie na mabenchi. Nilikaa sakafuni. Nilikuwa nauona msasa, nauhisi kwenye vidole.

Kwa Jawad nako hakukuwa rahisi. Watu hamsini kwenye duka la vyombo! Nilisikia rafu ya mabeseni ikianguka, nikajisikia vizuri kwa dakika moja.

Saa saba Editha akaingia, na kitenge chake cha sherehe, jasho limemtoka. Ismail alikuwa kampigia simu Chamazi. Akatazama mahali palipokuwa na pazia. Akatazama mashine. Akatoka akavuka. Dakika kumi baadaye Jawad alikuwa anakuja na mashine yake kichwani, Fakihi na tivii kubwa, wengine na mabenchi. Mbuzi akafungwa nje, kwenye nguzo. Pazia likarudi. Ekstensheni ikafuatwa nyumbani. Ratiba akaiandika upya kwa kichwa, majina kumi na sita bila kukosea, kwa sababu alikuwa nayo pia daftarini. Fainali ikapigwa kabla ya magharibi. Ismail kachukua mbuzi.

Mashine ya Jawad haikuganda hata mara moja. Nilimfuata pembeni nikamuuliza kafanyaje, kaufukuza mfumo kwa fundi gani? Kasema hajafukuza mtu. Vichwa vyake ni vilevile, mgao ni uleule. Ila kila Ijumaa akitoka msikitini anapuliza vumbi kwenye feni. Hakutaka kuniambia siri yake. Wafanyabiashara ndivyo walivyo.


Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa Editha kanikalisha. Kasema fremu anaichukua. Kasema taratibu, macho kwenye kikombe. Sikubisha.

Akauliza karatasi yake iko wapi. Ilibidi twende wote kwenye fremu, niinue meza. Akaikunjua, akanipa, akaniambia nisome kwa sauti.

Nikasoma. Ijumaa jaribu pedi zote nne. Zichaji zilale kwenye umeme. Mbuzi afungwe nje, anakula karatasi. Fakihi akilalamika mpe chai kwanza. Saa sita ipumzishe mashine, futa vumbi kwa brashi ya cherehani. Mstari wa mwisho ulikuwa umeandikwa pembeni, kwa kubana: na wewe ule, nimekutengea wali na samaki kwenye hotipoti nyuma ya pazia, najua ukishughulika huwa huli.

Hotipoti nilikuwa nimeipeleka nyumbani mwenyewe, chini ya cherehani. Tukaifungua. Wali umechacha. Samaki mzima, upande wa kichwa, ninaoupenda.

"Siku zote nakutengea, Baba Adelina," akasema. Adelina ni binti yetu, yuko bweni, na Editha akiniita hivyo polepole huwa amechoka sana.

Nililia. Nilimwambia ni vumbi, maana humu ndani lipo kweli.


Jumanne, 11 Juni

Kibao kimeandikwa: EDITHA, GEMU NA USHONAJI. Wameungana, mashine ya Jawad na fremu ya Editha, na tangu jana pamejaa. Mashine yangu iko kwa Nurdin, anajaribu kuurudisha mfumo. Kasema ukishafukuzwa hauitwi kwa mluzi.

Editha hakunipeleka kwenye msasa. Kanionea huruma, kanipa robo ya nyuma. Hatua mbili, pazia lilelile la maua, cherehani imehamia mbele. Kasema nichonge humu, niwe karibu na chakula. Nilimshukuru kwa moyo wote. Nimemwahidi kuwa nimekuwa mtu mpya na nimelielewa somo. Akauliza somo gani. Nikamwambia yote.

Saa tano Cyprian kaja na gogo la mpingo begani. Kuna mteja wake anataka twiga, na kazi kanipa mie, mie! Tangu nimuoe dada yake hajawahi kunipa gogo. Akalisimamisha, akatoa chaki mfukoni, akapima vidole vinne kutoka chini, akapiga mstari kulizunguka lote.

"Shemeji, juu ya mstari ni wako," akasema. "Chini ya mstari usiguse."

Nikamwitikia. Nikamshika mkono kwa mikono miwili. Alivyotoka nilisikia anamwambia Editha kuwa safari hii nimeelewa.

Nimekaa nalo tangu saa sita. Gogo zuri, jeusi tii, halina ufa. Juu ya mstari namwona twiga wangu wazi kabisa, shingo, masikio, miguu yote minne. Nimepima na ule upande wa chini. Vidole vinne kamili vya mpingo safi, vimekaa tu, havifanyi kazi yoyote! Mle anatoka twiga mtoto, na Cyprian mwenyewe atafurahi akimwona.

Nimelamba kidole gumba nikaufuta mstari.